Saa 61 za kazi ndani ya saa 36: kisa cha mama mmoja, wiki tatu kabla ya sikukuu

Kisa hiki si cha familia fulani yenye jina. Kimejengwa kutokana na hali inayojirudia kwa wazazi walioajiriwa kila msimu wa sikukuu unapokaribia. Hesabu zake tumezipanga kwa namna ambayo msomaji anaweza kuziondoa na kuweka za nyumbani kwake.

Familia yenyewe ni ya watu wanne. Mama ameajiriwa kwa muda wote, na ofisini kwao mwisho wa mwaka ndio wakati wa kufunga hesabu, kwa hiyo likizo yake huchelewa. Baba anafanya kazi kwa zamu, mara mchana, mara usiku. Mtoto mkubwa ana miaka 9, mdogo ana 4. Leo ni Ijumaa usiku. Baada ya siku 21 watafika wageni sita: mama mzazi wa baba, kaka yake, mke wa kaka na watoto wao watatu. Watakaa Ijumaa hadi Jumanne. Shule inafungwa Ijumaa ijayo. Likizo ya mama inaanza siku moja tu kabla ya wageni kuingia. Hapo katikati kuna siku nane za kazi ambazo watoto wako nyumbani na mama yuko ofisini.

Saa tano kasorobo usiku mtoto mdogo bado hajalala. Anakuja jikoni kuomba maji, kikombe kinamponyoka, maji yanatapakaa juu ya karatasi aliyokuwa akiandika mama. Mama anapiga kelele ambayo hata yeye mwenyewe inamshtua. Mtoto analia. Baba anatoka chumbani akiwa amevaa nguo za kazi, zamu yake inaanza saa sita.

"Mama watoto, si uniambie tu nifanye nini? Mimi nitafanya."

"Nikishakuambia, nusu ya kazi nimeshaifanya," anajibu, na yeye naye anaanza kulia.

Kwa siku kumi zilizopita amekuwa akizinduka saa tisa usiku kichwa kikiwa kimejaa orodha. Wiki hiyo alisahau kurudisha fomu ya shule ya mtoto mkubwa, jambo ambalo si la kawaida kwake. Kichwa kinamuuma kila alasiri.

Mahali ambapo wengi hukosea kulisoma jambo hili

Ukiuliza watu kumi walioshuhudia usiku ule, wengi watasema mama amechoka na anahitaji kupumzika. Ni kweli amechoka. Lakini mapumziko peke yake hayatamsaidia hapa, na kuna sababu. Akipewa Jumamosi nzima ya kukaa, kazi za Jumamosi hiyo zinahamia usiku wa Jumatatu, na mama anazijua zote kwa majina. Atakaa pale akizihesabu.

Mwaka 1984 wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman waliueleza msongo kwa namna inayofaa sana hapa: mtu hulemewa pale anapoyapima yanayotakiwa kwake, akaona yanazidi alichonacho cha kuyakabili. Kwa hiyo kuna pande mbili za mizani, na zote mbili zinaweza kupimwa. Kosa la kwanza katika nyumba hii ni kwamba hakuna aliyewahi kuzipima. Mama alihisi tu uzito. Baba hakuuona kabisa.

Kuna kipimo kingine cha zamani, cha madaktari wa akili Thomas Holmes na Richard Rahe cha mwaka 1967, kinachoyapa matukio 43 ya maisha alama kadiri yanavyomlazimisha mtu kujirekebisha. Kifo cha mwenzi kina alama 100. Krismasi ina 12 tu, na likizo 13. Ukiishia hapo utasema sikukuu si kitu. Lakini sikukuu haiji peke yake. Katika orodha hiyohiyo, kubadilika kwa usingizi kuna 16, kubadilika kwa mikusanyiko ya familia 15, kubadilika kwa ulaji 15, matatizo na wakwe 29, kubadilika kwa hali ya fedha 38. Sikukuu huyafungulia mlango mengi ya haya ndani ya wiki tatu. Ndiyo maana mzazi anaweza kusema "mbona ni siku chache tu" na bado akaelemewa.

Hesabu iliyofanyika Jumamosi asubuhi

Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika kila kitu kilichokuwa kichwani. Kanuni ilikuwa moja: kila mstari uanze na kitenzi, na uwe mdogo kiasi cha kumalizika kwa kikao kimoja. "Wageni" si kazi, ni wasiwasi. "Kuhesabu mashuka na kuandika yanayopungua" ndiyo kazi. Zoezi lilichukua dakika 50 na orodha ikafika mistari 41. Mama alidhani ingekuwa kama 20.

Kuandika huku si mapambo. Mwaka 2011 wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba shughuli isiyokamilika huendelea kumsumbua mtu akilini, lakini akiiwekea mpango mahususi, usumbufu hupungua hata kabla hajaitekeleza. Neno lenye uzito hapo ni "mahususi". Orodha isiyo na siku wala mtu wa kufanya huongeza hofu, kwa sababu sasa unayaona yote 41 kwa pamoja. Tunaona wazazi wengi wanaishia hatua hii, kisha wanasema kuandika orodha hakusaidii.

Kila mstari uliwekewa muda. Jumla ikawa saa 38. Kisha jumla hiyo ilizidishwa kwa 1.6, na hapa ndipo watu hubisha. Katika utafiti wa Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross wa mwaka 1994, wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu walikisia kwa wastani kwamba wangemaliza kwa siku 33.9. Walitumia siku 55.5. Hata walipoombwa wakisie muda endapo kila kitu kingeharibika, walisema 48.6, na bado hawakufika. Kugawanya 55.5 kwa 33.9 kunatoa kama 1.6. Kazi za nyumbani si tasnifu, na namba hiyo si sheria, lakini ni tahadhari nzuri kuliko kukisia kwa matumaini. Saa 38 zikawa kama 61.

Upande wa pili wa mizani: saa ambazo mama anazo kweli. Jioni nne kwa wiki, kuanzia saa tatu hadi saa nne na nusu usiku, ni saa 6. Jumamosi na Jumapili, saa tatu kila siku, ni 6 nyingine. Kwa wiki tatu, 36. Jioni ya tano ya wiki haikuhesabiwa, na hilo ni la makusudi: ukipanga jioni zote, mtoto mmoja akipata homa ratiba nzima inavunjika.

Saa 61 ndani ya 36. Pengo la saa 25. Mama aliiangalia namba hiyo kwa muda mrefu. Kwa mwezi mzima alikuwa akijiona mzembe.

Baba alihesabu zake: saa 10 kwa wiki baada ya kutoa zamu na usingizi wa mchana, yaani 30. Kisha wakapitia orodha wakiuliza swali moja kwa kila mstari: hili lisipofanyika, nani atajua, na atajali kwa muda gani? Mistari tisa ikafutwa, yenye jumla ya saa 11 baada ya kuzidishwa. Zikabaki kazi 32, saa 50.

Kukabidhi kazi nzima

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo, na tutakaa nacho kidogo.

Baba aliposema "niambie tu nifanye nini" alikuwa anamaanisha wema. Lakini mwaka 2019 mwanasosholojia Allison Daminger, baada ya kuwahoji watu wa familia za wanandoa 35, aliigawa kazi ya akili ya nyumbani katika sehemu nne: kuona mapema kwamba kuna hitaji, kutafuta njia za kulitimiza, kuamua, na kufuatilia kama limetimia. Aligundua kwamba kuamua mara nyingi wanandoa hushirikiana, ila kuona mapema na kufuatilia huwaangukia zaidi wanawake. Kutekeleza kwenyewe ni jambo jingine kabisa. Baba anayesubiri kuambiwa amejitolea kwa utekelezaji tu. Sehemu zote nne zinabaki kichwani mwa mama, na ndizo zinazomwamsha saa tisa usiku.

Kwa hiyo hawakugawana mistari mmojammoja. Waligawana maeneo. Baba alichukua malazi ya wageni, usafiri wote, na mawasiliano yote na ndugu zake: kazi 13, saa 21. Mama alibaki na chakula, zawadi na mambo ya watoto: kazi 15, saa 26. Mtoto mkubwa alipewa kazi nne za saa tatu, kati yake kuandaa kona ya michezo kwa watoto wageni, kazi aliyoidai mwenyewe. Mama sasa ana saa 10 za ziada katika zile 36. Baba ana 9.

Kazi ya kwanza ya baba ilikuwa simu. Siku za kukaa zilikuwa hazijasemwa wazi kwa mgeni yeyote, na mama alikuwa na wasiwasi kwamba nne zitakuwa kumi. Kwa kawaida simu kama hiyo huishia mikononi mwa mke, na hapo ndipo alama 29 za wakwe hupatikana. Kila mmoja aongee na damu yake. Baba alipiga Jumapili mchana, baada ya kulala:

"Shikamoo mama. Tumejipanga kuwapokea Ijumaa jioni. Jumanne asubuhi nitawasindikiza mwenyewe, kwa sababu Jumanne usiku naingia kazini. Kuna dawa au kitu unachohitaji kiwepo hapa?"

Angalia ilivyopangwa. Siku ya kufika na ya kuondoka zimetajwa kwenye pumzi moja, kama taarifa ya furaha. Sababu ni moja na ni ya kweli. Kisha swali la kumjali, linalompa mzazi nafasi ya kuongea. Hakuna kuomba radhi, maana ukiomba radhi kwa jambo ambalo si kosa, msikilizaji anaanza kutafuta kosa.

Wiki ya pili, mpango ulipovunjika

Jumatano ya wiki ya pili mama alipita chumba cha wageni akakuta baba ameweka magodoro mawili sakafuni na mashuka ambayo hayafanani. Alitandua. Akapanga upya. Baba aliporudi akaona, akasema kwa sauti ya chini, "Basi endelea nayo wewe." Saa nne za kazi zikarudi kwa mama ndani ya dakika kumi.

Ni rahisi kusema mama ana tabia ya kutaka kila kitu kiwe chake, au baba hajali. Hatukubaliani na yote mawili. Walikabidhiana kazi bila kukubaliana kiwango. Kwa baba, chumba kiko tayari watu sita wakiweza kulala. Kwa mama, chumba kiko tayari mama mkwe akikitazama bila kusema neno. Hayo ni mambo mawili tofauti, na hakuna aliyeyatamka.

Walikaa dakika 15 wakaandika kwa kila eneo mstari mmoja unaoanza na "inatosha iwapo". Malazi yanatosha iwapo kila mtu ana godoro, shuka mbili safi na mto. Bibi analala kitandani, si sakafuni. Na njia ya kwenda chooni usiku haina kitu cha kujikwaa. Mashuka kufanana hakukuandikwa, na ni mama mwenyewe aliyelifuta. Kisha wakaongeza kanuni: mwenye eneo ndiye anayefuatilia. Mwingine akiona kasoro nje ya kiwango walichoandika, anaacha. Akiona kasoro ndani ya kiwango, anamwambia mwenyewe kabla ya kugusa.

Kanuni hii humuumiza anayekabidhi kwa siku nne au tano za mwanzo. Mama alikiri kwamba kupita mlango ule bila kuingia kulikuwa kugumu kuliko kutandika.

Siku nane bila shule

Mgawanyo ulikuwa hivi: baba siku tatu alizo huru, shangazi wa watoto siku mbili, mzazi wa mwanafunzi mwenzake mtoto mkubwa siku mbili kwa kubadilishana, na mama siku moja ya likizo. Jumla nane.

Makosa mawili yalijitokeza. La kwanza: siku mojawapo ya baba ilikuwa Jumatatu inayofuata zamu ya Jumapili usiku. Kwenye kalenda siku hiyo ni tupu. Kwa mwili si tupu, kwani anahitaji kulala hadi saa nane mchana, na mtu aliyekesha hafai kubaki peke yake na mtoto wa miaka 4. Shangazi akahamishiwa Jumatatu. Wenye kazi za zamu waandike usingizi kwenye kalenda kama miadi, la sivyo familia itaugawa bila kujua.

La pili ni la kubadilishana. Mzazi mwenzako akikulelea siku mbili, una deni lake la siku mbili, na watu husahau kuliingiza kwenye hesabu. Hapa lililipwa Alhamisi na Ijumaa baada ya wageni kuondoka, mama akiwa likizoni. Liliandikwa kwenye kalenda siku ileile walipokubaliana.

Usingizi wa watoto

Ugomvi mwingi wa msimu huu hauna chimbuko jingine. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku pamoja na usingizi wa mchana. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji 9 hadi 12. Hayo ni mapendekezo ya madaktari bingwa wa usingizi wa Marekani ya mwaka 2016. Mtoto mdogo wa nyumba hii alikuwa amesogea kutoka kulala saa mbili usiku hadi saa nne na zaidi, na usingizi wa mchana ukafa. Anaamka saa kumi na mbili na nusu. Hiyo ni saa nane na nusu. Kikombe kile kilianguka kutoka mkononi mwa mtoto aliyekuwa amechoka kupita kiasi.

Kurudisha nyuma kulifanywa kwa dakika 15 kila usiku, si kwa amri ya siku moja. Kwa siku nane ukapatikana muda wa saa mbili. Siku za wageni walijua ratiba italegea, wakaweka mpaka: kulala kusichelewe kwa zaidi ya dakika 60 kuliko kawaida, na kuamka vivyo hivyo. Matembezi ni mara moja kwa siku. Kabla ya kuondoka mahali penye raha, mtoto anaambiwa zikibaki dakika 10, kisha zikibaki 2, na anapewa kitu cha kufanya njiani. Kumnyanyua ghafla ndiko kunakoleta vilio vya mlangoni.

Mwili wa mama

Mambo matatu tu yalibadilishwa, kwa kuwa mtu aliyelemewa hawezi kubeba tabia mpya saba. Kahawa ya mwisho ikahamishwa kutoka saa kumi jioni hadi saa sita mchana. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua kwa nusu, hivyo saa tatu usiku nusu ya kikombe cha saa kumi bado iko mwilini. Simu ikaanza kulala sebuleni, na kando ya kitanda pakawekwa karatasi na kalamu: akizinduka saa tisa anaandika mstari mmoja gizani na kuuacha hapo. La tatu ni dakika tano za kupumua kabla ya kufungua mlango wa nyumbani, kuvuta pumzi kwa sekunde 4 na kuitoa kwa 6. Pumzi sita kwa dakika. Kutoa hewa polepole kuliko unavyoivuta kunatuliza mapigo ya moyo, na dakika hizo tano zinaachanisha ofisi na nyumba.

Fedha walizimaliza kwa kikao kimoja cha dakika 40: jumla iliyopo, makundi manne, na asilimia 10 ikawekwa kando kwa dharura. Baada ya hapo hawakuruhusu mazungumzo ya fedha baada ya saa tatu usiku. Hatuna mengi ya kuongeza, ila kwamba kutojua jumla huogopesha kuliko jumla yenyewe, hata ikiwa ndogo.

Kuna hali ambayo kalenda haiitibu. Mzazi akiwa na huzuni au kukosa hamu ya mambo karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, akishindwa kulala hata anapopata nafasi, au akianza kuogopa kwamba atamuumiza mtoto, amwone mhudumu wa afya bila kungoja sikukuu ipite. Mawazo ya kujidhuru, au maumivu ya kifua yenye kukosa pumzi, ni ya kutafutiwa msaada saa hiyohiyo. Dalili za mama huyu zilianza kupungua mwishoni mwa wiki ya kwanza. Kama zisingepungua, ushauri wetu ungekuwa huo.

Wageni waliondoka Jumanne. Jumapili iliyofuata wawili hao walikaa dakika 20 na orodha ya kazi 32, wakaandika kando ya kila moja muda uliotumika kweli. Makisio ya awali ya kazi hizo, kabla ya kuzidisha, yalikuwa saa 31, zilichukua 44. Kwa nyumba hii kizidisho ni kama 1.4, na wakaandika namba hiyo juu ya ukurasa. Kazi tatu kati ya zile tisa zilizofutwa, hakuna mgeni aliyeziulizia wala mtoto aliyezikumbuka; mama alitaka moja irudi, kwa kuwa yeye anaipenda. Ikarudishwa, na saa zake. Eneo la zawadi, lililomchosha kuliko yote, likahamia kwa baba pamoja na daftari lake: majina, umri wa kila mtoto, na tarehe ya kuanza.

Mashuka yale hayakuzungumziwa na mama mkwe hata mara moja.